Je, Mweusi Tii Asivae Njano?

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 52, na ninaishi Mikindani. Ngozi yangu ni nyeusi tii, macho yangu ni ya kahawia iliyokolea, na nywele zangu, ambazo sijawahi kuzitia dawa, zimeingia mvi nyingi upande wa mbele. Mwezi Desemba, fedha za korosho zikishalipwa, tunamwoza binti wa dada yangu, nasi mama wadogo tumetakiwa kuchagua sare. Mimi napenda njano. Wenzangu wanasema kuwa njano na nyekundu ni rangi za wanawake weupe au wa maji ya kunde, na kwamba mtu mwenye weusi kama wangu atulie na hudhurungi. Binti yangu alinipima kwa programu ya simu, nayo ikasema kuwa mimi ni mtu wa "msimu wa baridi" na kwamba nyeupe kabisa ndiyo inayonifaa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wenzako wamekosea, na nalisema hili kwa uzito kwa sababu kauli hiyo imewanyima wanawake wengi wa huku kwetu Kusini rangi ambazo zingewapendeza kuliko watu wote. Ngozi nyeusi tii huihimili rangi kali bila kumezwa nayo. Rangi inayoielemea ni ile iliyo karibu nayo lakini yenye uvumbi ndani yake, kama hudhurungi ya udongo mkavu, kwa maana jicho la mtazamaji halipati mahali pa kutenganisha shingo na kitambaa, na uso wote huonekana umechoka hata kama mwenyewe amelala vizuri.

Sababu yake ni kwamba rangi hubadilika kwa kufuata jirani yake. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichofuma mazulia ya kutundikwa ukutani, alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Uchunguzi wake ulianzia kwenye malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilionekana zimefifia. Alipozilinganisha na nyuzi za kwingine, alikuta weusi wake hauna kasoro yoyote. Zilififishwa na nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Uso wako ni kama uzi ule. Ukiwekewa njano ya embe bivu chini ya kidevu, weusi wako utakolea na kuwa safi, ilhali njano iliyopauka, inayokaribia rangi ya ndizi mbichi iliyomenywa, haitakusaidia sana. Kwa hiyo usiulize tu kama njano inakufaa. Uliza ni njano ipi.

Kuhusu ile programu, mfumo wa kuwagawa watu kwa misimu minne ya mwaka, kila msimu ukiwa na rangi zake za mavazi, ulivuma Marekani katika miaka ya 1980, ukiwa umejengwa juu ya tofauti za nywele za dhahabu, nyekundu na nyeusi, na za macho ya buluu, kijani na kahawia. Watu weusi wengi walitupwa katika fungu moja la "baridi", kana kwamba mweusi wa wekundu, mweusi wa dhahabu na mweusi anayeelekea bluu ni mtu mmoja. Hata kile kipimo cha kutazama rangi ya mishipa ya damu kwenye kifundo cha mkono hakina msaada mkubwa kwa ngozi ambayo mishipa yake haionekani vizuri. Isitoshe, kamera ya simu hubadilisha rangi yenyewe kulingana na taa iliyopo chumbani.

Kipimo ninachokiamini kimo kabatini mwako. Chukua kanga nne au tano za rangi tofauti, ukae asubuhi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mbali na ukuta uliopakwa kijani au pinki, kwa kuwa ukuta nao hurudisha rangi yake usoni. Usijipake poda, wala usifunge kilemba, maana mvi zako ni sehemu ya hesabu. Zungushia kila kanga shingoni, ufumbe macho kidogo, kisha uyafumbue mbele ya kioo. Ukiona kanga kabla ya uso, iweke kando. Ukiona macho yako kwanza, na kivuli cha chini ya macho na pembeni mwa mdomo kimepungua, hiyo ndiyo. Rudia jioni chini ya taa ya sebuleni, kwani sherehe nyingi huisha usiku, na zambarau iliyopendeza mchana huweza kuwa kama nyeusi chini ya taa ya njano.

Hizo mvi usizifiche. Zamani nywele na ngozi yako vilikuwa weusi mmoja. Sasa umepata fedha juu ya paji la uso, nayo hupatana sana na feruzi, bluu iliyokolea na damu ya mzee, rangi ambazo huenda hazikukugusa ulipokuwa na miaka 30.

Nyeupe kabisa itakukaa vizuri kwa macho, ila kwenye picha ina tatizo: kamera ikikutana na kitambaa kingi cheupe hupunguza mwanga, na uso mweusi hupotea. Rangi ya maziwa ni salama zaidi. Mkishikilia nyeupe, mwombeni mpiga picha apime mwanga kwenye nyuso zenu, au kwa simu, aguse uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Tafadhali, asitokee mtu wa kuwashauri mkorogo ili mfanane na kitambaa. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini kwa sababu ya madhara yake.

Na kama kamati itashikilia hudhurungi, usigombane na ndugu zako. Rangi inayouamua uso ni ile ya kuanzia kifuani kwenda juu. Shona gauni la hudhurungi kama walivyotaka, kisha nunua mita mbili za njano ya embe kwa ajili ya kilemba na mtandio, umwambie fundi akutilie utepe wa njano hiyohiyo kwenye shingo ya gauni.