Kaka zangu wanataka kuuza Bedford ya baba kwa kilo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, mtoto wa mwisho kati ya wanne, naishi Igoma na mama. Nilisomea ufundi wa magari makubwa na sasa nafanya kazi gereji. Baba alifariki mwaka juzi akaacha Bedford ya boneti iliyobeba pamba miaka mingi kutoka Magu na Kwimba kwenda jineri. Iko uani juu ya mawe tangu nikiwa shule ya msingi. Nimeanza kuifungua jioni nikitoka kazini. Kaka zangu watatu wamepata mnunuzi wa vyuma chakavu, anakuja mwisho wa mwezi. Wanasema lile ni chuma tu, na mtoto wa kike hana urithi kwenye mali kama hiyo. Mama kanyamaza. Mimi nataka lori litembee tena, libebe mchanga na mawe, mama apate hela ya kula. Je, nakosea? Na kama sikosei, nianzie wapi?*
*– Kitindamimba, Igoma*

Marahaba mwanangu, na pole ya msiba. Mwaka juzi si zamani.

Hukosei hata kidogo kulitaka lori la baba yako. Lakini kwa leo si lako, na wala si la kaka zako. Ni mali ya marehemu. Mpaka apatikane msimamizi wa mirathi, hakuna kati yenu mwenye ruhusa ya kuliuza, kulikata au kulifungua injini. Kwa hiyo weka spana chini, na wao wamwambie mnunuzi wao asubiri.

Usingoje mwisho wa mwezi. Omba kikao cha ukoo wiki hii. Kikao kipendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe na usainiwe, kisha upelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kama kaka watakataa kukaa, nenda mwenyewe mahakamani ukaeleze, na mwenyekiti wa mtaa naye ajue kwamba kuna mali ya mirathi inataka kubebwa uani kwenu. Na kabla ya kikao tafuta kadi ya gari. Malori mengi ya zamani yalibadilisha mikono bila jina kubadilishwa, na ni afadhali ugundue jina la mtu mwingine kwenye kadi leo kuliko siku utakapokwenda TRA na lori limeshawaka.

Hayo maneno kwamba mtoto wa kike hana urithi usiyameze. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu kwenye kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Holaria, mama wa Kihaya, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na Bernardo, mtoto wa ndugu yake, akapinga kwa sababu mila ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, na mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Ile ilikuwa ardhi, na ardhi ya ukoo ndiyo mahali mila ilipong'ang'ania kuliko pote. Wakikuambia habari ya lori, wakumbushe kesi hiyo kwa adabu, bila kupandisha sauti.

Sasa sikiliza jambo ambalo naona litakusaidia kuliko mabishano yote. Kaka zako wameshataja thamani ya lori wao wenyewe: bei ya chuma kwa kilo. Kubali. Mwombe huyo huyo mnunuzi akadirie uzito na bei, iandikwe, halafu msimamizi akishateuliwa mwambie kwamba unanunua mafungu yao kwa bei hiyo, kwa awamu ikibidi. Hawatapata chini ya walichotaka, na wewe utakuwa na karatasi. Karatasi ni muhimu, mwanangu. Siku injini itakaponguruma, lile lililokuwa chuma litaitwa tena "gari la baba," na atakuja mtu kudai fungu lake. Sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala.

Mama umemtaja kwa maneno mawili tu, nami nimebaki nikimfikiria yeye. Naye mirathi hii inamhusu. Mzazi ambaye watoto wake wanagombana mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana amechagua upande. Kaa naye peke yake umuulize anataka nini. Huenda anataka lori lipone. Huenda anataka uwanja wake, apande mchicha pale ambapo kwa miaka yote hiyo pamekuwa na vyuma. Akisema liondoke, mwanangu, liondoke. Lilikuwa la mumewe kabla halijawa la baba yako.

Akikubali, na karatasi zikikaa sawa, hapo ndipo tuzungumze ufundi. Wewe ni fundi, lakini umezoea malori ya sasa, na hili lina tabia zake.

Anza na spana. Bedford zile zilitoka Uingereza na bolti zake ni za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utaviringa vichwa vya bolti ambazo kutu imeshazishika, halafu utaanza kukata kwa gesi kitu ambacho kingefunguka. Tafuta seti ya inchi hata kama ni kuukuu. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto kwenye malori mengi ya Kiingereza ya enzi hizo hufunguka kinyume. Tazama mwisho wa stadi kama kuna herufi L kabla hujaongeza bomba kwenye spana.

Na magurudumu hayo ndiyo yananitia hofu kuliko kitu kingine chochote. Kama rimu ni za vipande, zenye ringi ya kufungia, zichukulie kama kitu kinachoua, kwa sababu zimeua mafundi wengi duniani. Ringi iliyoliwa na kutu inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kumpiga mtu kichwani. Toa upepo wote kwa kufungua vali kabla ya kugusa nati yoyote. Ringi yenye ufa au iliyopinda usiigonge irudi, itupe. Kujaza upepo kufanyike ndani ya kizimba cha chuma, kwa hozi ndefu, wewe ukiwa umesimama pembeni. Uani kwenu hakuna kizimba, kwa hiyo peleka rimu mahali chenyewe kipo. Watoto wa kaka zako wasikaribie.

Lainingi za breki za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa kama tunavyoona kila siku kwenye gereji zetu. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa ukitupe kwenye mfuko uliofungwa. Tangi la dizeli likitoboka usilichomelee hivi hivi hata kama limekaa tupu miaka yote hiyo, maana mvuke unabaki ndani. Na mawe yale yaliyolishikilia lori yasibaki kazini mwako. Kabla hujaingia chini yake weka stendi za chuma juu ya ardhi ngumu, na usitegemee jeki ya maji peke yake.

Injini imelala muda mrefu, kwa hiyo kataa ushauri wa kuivuta kwa lori jingine ili ishtuke. Toa nozeli, mimina oili laini iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono kwenye nati ya puli ya krenki. Ikigoma, ongeza siku. Ukiilazimisha utavunja ringi za pistoni. Kabla ya kuagiza gasketi soma namba za injini: dizeli za Bedford za silinda 6 zilikuwapo za lita 4.9 na za lita 5.4, na muuza spea hatakurudishia hela yako. Kiwanda cha Bedford cha Dunstable, Uingereza, kiliuzwa mwaka 1987, lakini Pakistan Bedford ziliendelea kufanya kazi kwa wingi, hivyo muulize muuza spea kuhusu za kutoka huko.

Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kagua kwanza chasisi, hasa pale springi zinaposhikwa na kuzunguka riveti, maana ufa hupenda kujificha hapo chini ya grisi kavu. Kisha breki zote: masta silinda, silinda za magurudumu, paipu, hozi. Usibakize mpira hata mmoja wa zamani. Ndipo injini, ndipo bodi. Najua hamu ya kuliona linang'aa, na najua kaka zako watakucheka likikaa na kutu mwaka mzima wakati wewe unahangaika na paipu. Wacheke.

Nimebakiza lile ambalo hutalipenda. Umeandika kwamba litabeba mchanga na mawe. Hapana. Lori la umri huo, breki zake hata ukizifanya mpya, usilipakie mawe ukalishusha Mabatini au Bugando siku ya mvua watoto wakitoka shule. Kaka zako wana hoja moja ya kweli: kwa biashara ya kila siku litakula spea kuliko litakavyoingiza. Likipona liendeshe tupu siku ya Jumapili, lipeleke kwenye harusi ya mtu anayelipenda, lipite tena barabara ya Magu. Hela ya chakula ya mama itoke kwenye mshahara wako na kwa kaka zako watatu, na hilo nalo liwekwe mezani kwenye kikao kile kile cha ukoo. Mwambie mama sasa kwamba lori halitaleta hela, kabla hajaanza kulipigia hesabu.