Jibu la swali la wiki: Mkono unajua kudunda, macho je?

Wiki hii mmeuliza: watoto wanaoanza mpira wa kikapu wafundishwe misingi kwanza, au waachwe wacheze mechi? Nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 14 hapa Dodoma, jioni wakitoka shule. Ukivitenganisha hivyo viwili, unapata mtoto anayedunda vizuri huku haoni mtu.

Wapo wengi. Mpira unapita katikati ya miguu, unazunguka mgongoni, walio pembeni wanashangilia, na mwenzake yuko peke yake chini ya ringi anapunga mkono hadi anachoka. Huyo mikono yake haina tatizo. Amezoea kudunda akitazama mpira, na hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kuinua uso.

Kwangu mtoto anadunda akinifuata, mimi narudi kinyumenyume nikionyesha vidole, yeye anataja idadi kwa sauti. Akizoea, nabadilisha vidole ghafla. Baadaye namwekea mlinzi: mlinzi akiegemea upande mmoja, mpira uhamie mkono wa pili. Zoezi ni lile lile, ila sasa lazima aamue.

Kisha tatu kwa tatu, ringi moja, marufuku kudunda. Ni pasi, pivoti (kugeuka mguu mmoja ukibaki pale pale chini) na kukimbilia nafasi. Siku za mwanzo wanalalamika kweli kweli. Lakini ukikatazwa kudunda utamtafuta mwenzako utake usitake, na aliyetoa pasi akibaki kutazama, timu nzima inakwama. Analigundua mwenyewe.

Hapo ndipo kocha anapopaswa kunyamaza. Kikapu cha tatu kwa tatu (3x3) kilipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kocha hakuruhusiwa kuelekeza wachezaji mechi ikiendelea. Natamani sheria hiyo ihamie kwenye mabonanza yetu ya shule. Kocha anayepiga kelele "toa! piga! rudi!" tangu filimbi ya kwanza ndiye anayecheza, watoto wanatii tu. Na wazazi, mniwie radhi, nanyi mmo.

Mimi nasubiri mpira usimame, namwita mtoto pembeni: "Ulimwona nani?" Akisema hakuona mtu, kesho tunarudi kwenye vidole. Akisema alimwona ila pasi haikufika, hilo ni la mkono, na dawa yake ipo: nyoosha viwiko, piga hatua moja mbele, na kwa pasi ya kudundisha mpira udunde karibu na mpokeaji kuliko mtoaji. Upepo wetu wa Juni na Julai nao unasaidia kufundisha. Pasi ndefu ya juu kwenye uwanja wa wazi haifiki ulikoituma, kwa hiyo watoto wanaanza kupendelea fupi bila kuambiwa.

La mwisho ni vifaa, ambavyo swali lenu halikugusa. Ringi ya watu wazima iko mita 3.05 juu, ya mini-basketi, yaani kikapu cha watoto, ni mita 2.60, na mpira wao ni saizi 5. Mpe mtoto wa miaka 10 mpira wa saizi 7, ule wa wanaume, na ringi ya juu, ataurusha kutokea kiunoni kwa nguvu zote, na mkao huo ukishazoeleka kuuondoa ni kazi. Ringi za shuleni nyingi zimechomelewa, hazishuki. Basi chora duara la chaki ukutani kwenye mita 2.60, atakayegonga ndani ya duara amefunga.