Mwanafunzi wa kwanza ni mzazi

Swali la wiki hii lilikuwa: mtoto mwenye mahitaji maalum anaweza kufundishwa akiwa nyumbani, mbali na mwalimu wake? Mimi nafundisha watoto wenye ulemavu wa akili hapa Kisumu. Jibu langu ni ndiyo, mradi tuanze kwa kumfundisha mzazi.

Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na intaneti. Redio haimfai kiziwi. Asiyeona anahitaji karatasi nene na mashine ya breli, nayo mara nyingi hubaki shuleni. Na wangu je, ambao somo lao ni kuvaa, kunawa na kula wenyewe?

Kilichotufaa ni simu ya mama. Chukua kufunga vifungo vya shati. Sisi huanzia mwisho: mama anafunga vyote, kile cha mwisho anakiingiza nusu tunduni, mtoto anamalizia kukivuta. Akizoea anaachiwa viwili, kisha vitatu. Kila mara kazi inakamilika mikononi mwake, naye anapigiwa makofi kwa jambo alilolimaliza mwenyewe. Ukimwanzisha na cha kwanza, atachoka njiani na shati atalitupa.

Maelezo natuma kwa ujumbe wa sauti, kwa Kidholuo, halafu naomba video ya mikono tu, uso wa mtoto usionekane. Mzazi mmoja wa Nyalenda alikuwa amekata tamaa, akisema mwanawe hafundishiki. Kwenye video nikaona wamekaa wakitazamana, kwa hiyo kila alichofanya mama, mtoto alikiona kimegeuka. Nikamwambia, "Mama, kaa nyuma yake, mikono yako ishike yake." Baada ya hapo kifungo kiliingia.

Tusidhani haya yaliisha na korona. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, na majirani zetu wa Nyando wanajua maji hurudi.

Lakini kuna somo ambalo sithubutu kulifundisha kwa simu: kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake hauwezi kuongoza misuli vizuri. Akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Hapo lazima mtaalamu afike nyumbani, amkalishe mtoto vizuri mbele ya mama yake, na nauli yake iwemo kwenye bajeti ya shule kama chaki.