Maswali ya Wasomaji: Je, nywele huonyesha madini ya risasi yaliyomo mwilini?

SWALI: Tunaishi Kariobangi, jirani na mafundi wanaovunja betri kuukuu za magari. Nilipeleka nywele za mwanangu wa miaka minne katika maabara mbili, na majibu ya risasi yakatofautiana mno. Niamini lipi? – Mama Baraka, Nairobi

JIBU: Mama Baraka, usiamini lolote kabla ya kujua jinsi nywele hizo zilivyokatwa na kuoshwa, kwa kuwa kipimo hiki mara nyingi huharibika kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba waligawa nywele za mtu mmoja kwa maabara sita, na kwa baadhi ya madini majibu yalipishana zaidi ya mara 10.

Sampuli hukatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, kwa mkasi wa chuma kisichoshika kutu. Huelezwa kwamba nywele hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, ingawa za kipilipili kama zetu hurefuka polepole zaidi, jambo ambalo maabara inaweza kulisahau inapokadiria, kwa urefu wa unywele, ni miezi mingapi iliyopita madini yaliingia mwilini. Kisha huoshwa kwa asetoni, maji safi mara tatu, na asetoni tena, ndipo ziyeyushwe katika asidi ya nitriki. Pamoja nazo hupimwa chupa yenye asidi peke yake, ili uchafu wa maabarani ujulikane, na unga wa nywele ambao kiasi chake cha madini kimethibitishwa. Omba uonyeshwe majibu ya vipimo hivyo viwili. Maabara iliyokosea kwenye unga huo haiwezi kuaminiwa kwa nywele za mtoto.

Hata hivyo, vumbi la risasi hupenya ndani ya unywele kutoka nje, na hakuna uoshaji unaoliondoa lote bila kugusa risasi iliyotoka mwilini. Zebaki inayoingia mwilini kwa kula samaki ni tofauti: huingia unywele ukiwa unaota, na hapo nywele ni shahidi mzuri.

Kwa mwanao, nakusihi uombe kipimo cha damu ya mshipa. Akitobolewa kidole, mkono uoshwe vizuri kwanza, na jibu likiwa juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na mtoto aondolewe kwenye risasi hiyo.