Maswali na majibu: Kulaumiwa si kulaumika

Msimu wa korosho umefunguliwa, mizani imetoka ghalani, na barua karibu zote za safari hii ni za kunyoosheana vidole. Nimechagua zinazohusu lugha.

Shikamoo mwalimu. Katibu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, amekamatwa kwa upungufu wa magunia, naye anasema ametolewa mbuzi wa kafara. Ni sahihi kusema hivyo? (Nanyumbu)

Marahaba. Swali hili huja kila msimu, na kila msimu walioniuliza hawajajua kwanza magunia yalikwenda wapi. Msemo umetoka kwenye Torati, Walawi sura ya 16. Haruni alipiga kura juu ya mbuzi wawili. Mmoja akachinjwa, wa pili akatwishwa dhambi za watu wote, akapelekwa jangwani akiwa hai. Kiswahili kimewafanya wawili hao kuwa mmoja, na neno kafara likatufaa kwa kuwa Pwani tulikuwa nalo kwa sadaka ya kuondoa balaa. Sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kitu kimoja: mbuzi hakutenda dhambi. Dhambi ni za wengine, yeye kabebeshwa.

Basi, kama katibu wenu aliandika stakabadhi za korosho ambazo hazikufika ghalani, huyo si mbuzi, ndiye mwenye dhambi. Kama aliagizwa na wakubwa wake, nao sasa wamekaa kimya, ana kosa lake na ana mzigo wa watu. Yasemwe yote mawili. Magazeti nayo yaache kumwita mbuzi wa kafara kila anayefukuzwa kazi.

Lawama au malawama? (Masasi)

Lawama. Lawama hii, lawama hizi. Tafadhali.

Kulaumiwa na kulaumika vina tofauti? (Newala)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Anayelaumiwa ametajwa na mdomo wa mtu. Anayelaumika ana jambo alilofanya, na lawama inamkaa hata pasipo mtu wa kuitamka. Fikiria muhogo mchungu. Unaweza kuliwa na asiyeujua, akaumwa. Lakini hauliki mpaka ulowekwe au uanikwe ukawa makopa. Vivyo hivyo mtu hulaumiwa na kijiji kizima naye halaumiki kwa lolote. Mwingine analaumika miaka thelathini, halafu anazikwa kwa hotuba nzuri. Tumejaliwa lugha inayoyatenganisha haya kwa silabi moja, nasi tunayachanganya mikutanoni, kwenye redio, hata mbele ya baraza la kata.

"Kuangushiwa jumba bovu" ni Kiswahili? (Lindi mjini)

Ni Kiswahili, na kizuri. Jumba lilikuwa na ufa siku nyingi, wenyewe waliuona, wakangoja mpita njia.

Kuna kijana tukimpakia chomboni haturudi na kitu. Wengine wanasema ana gundu, wengine nuksi, wengine kisirani. Neno lipi ni lake? (Msangamkuu)

Hakuna. Mkosi na nuksi ni bahati mbaya inayomfuata mtu. Gundu ni hiyohiyo kwa lugha ya vijana. Kisirani watu hulitumia pia kwa mtu wa ugomvi na hasira za asubuhi. Angalieni sarufi yake: husemwa mtu *ana* gundu, hasemwi *amefanya* gundu. Ni maneno ya kumhukumu mtu bila kumtajia kosa, na asiyetajiwa kosa hawezi kujitetea. Nyinyi mnavua dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na hilo mnalijua kuliko mimi. Hesabuni kwanza siku mlizomchukua zilikuwa za mbalamwezi au za giza. Nawaonya kwa dhati: kutoka "ana nuksi" hadi "mchawi" ni hatua moja, na akishaitwa hivyo hakuna atakayemrudishia jina lake. Mrudisheni chomboni.

Mwenyekiti wetu tukimuuliza mapato anajibu, "Mti wenye matunda ndio upigwao mawe." Tumjibu nini? (Tandahimba)

Mwambieni awaonyeshe matunda. Methali hiyo ni ya mtu anayesemwa kwa wivu kwa sababu ya mema yake. Kumuuliza kiongozi hesabu si kumpiga mawe. Tena nyinyi ni watu wa mikorosho. Huo ndio mti uliowasomeshea watoto, na hampigi jiwe hata moja: mnasubiri bibo lianguke, mnaokota.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Je, makarani wote ni wezi? (Ruangwa)

Mmeigeuza methali. Wazee walisema *huoza* wote, maana yake usipomtoa mapema atawaharibu wenzake. Ni onyo la kumwondoa mmoja. Hakuna mchuuzi wa samaki anayemwaga tenga zima kwa sababu ya mmoja.

Kwa nini unakasirika watu wakisema machinga? (Nachingwea)

Mama yangu ni Mmachinga. Wamachinga ni kabila la Lindi, lenye lugha yake. Jina lao limekuwa jina la kazi, na leo Msukuma au Mhaya anayetembeza soksi Kariakoo huitwa machinga. Hilo silichukii, Ilala kuna jengo la soko lenye jina hilo. Kinachoniuma ni kwamba limekuwa neno la kutupia kila kero ya mjini. Mtaro umeziba, machinga. Foleni imekuwa ndefu, machinga. Mwaka 2021 wafanyabiashara hao walipoondolewa barabarani, nilisikia watu wazima wakisema "mji umesafishwa machinga", na mama yangu amekaa pale anasikiliza.

Unapotaja kabila, andika Mmachinga kwa herufi kubwa. Na mtaro ukiziba, uliza kwanza nani ana kazi ya kuuzibua.