Miwani kwanza, nondo baadaye

Chombo cha kwanza nilichonunua nilipotaka kuzamia samaki kwa pumzi yangu tu kilikuwa bunduki ya mshale. Aliyeniuzia, mtu wa mjini, aliniapia kwamba imetoka Ulaya na haijapigwa hata mara mbili. Nikaipeleka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa mjomba, nimeiviringisha kwenye khanga kama mtoto mchanga. Mjomba akafunua upande mmoja tu, akafunika. "Irudishe ulikoitoa, baba. Utanifungisha."

Ni kweli. Bunduki hizo ni marufuku Zanzibar, na Kenya vilevile, sembuse Ghuba ya Menai, bahari ya huko huko Kizimkazi, iliyo chini ya hifadhi tangu 1997. Nilidhani ni ukali wa serikali tu, mpaka nilipokutana na samaki chewa mkubwa ana kwa ana: hakimbii. Anakaa mlangoni mwa pango lake, anakutazama. Tena chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakikua ndipo baadhi hugeuka madume. Ukichagua wakubwa, mwamba unabaki bila madume. Pesa yangu, bila shaka, sikurudishiwa.

Basi kama unaanza leo, fedha yako iende kwenye miwani. Si ile ya bwawani inayofunika macho peke yake. Niliivaa hiyo siku ya kwanza, nikashuka pima tatu (pima moja ni karibu mita mbili), nikapanda na macho mekundu. Wiki nzima watu wananiuliza nimefiwa na nani. Ukishuka, maji hukandamiza, hewa ya ndani ya miwani husinyaa na kuyavuta macho. Ikifunika na pua, unapuliza kidogo kwa pua, mambo yanatulia. Dukani ibandike usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kwa pua: ikishika yenyewe, imekukaa. Ikiwa mpya, isugue kioo kwa ndani na dawa ya meno, la sivyo ukungu utakusumbua hata uitemee mate mara ngapi.

Masikio nayo yafungue mapema, bana pua na usukume pumzi taratibu, kabla hayajaanza kuuma. Ukiwa na mafua, kaa pwani ucheze bao.

Silaha yangu sasa ni nondo nyembamba, na windo langu ni pweza. Pango lake utalijua kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni na vijiwe alivyojivutia kujiziba. Mkono usitie, mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka mwenye meno makali, naye anapenda mashimo hayo hayo. Aliye chini ya nusu kilo namwacha, maana pweza hukua haraka mno. Na jike anayelinda mayai namwacha pia: hali kitu mpaka yaanguliwe, kisha hufa.

Pweza mmoja karibu aniue. Alikuwa ameng'ang'ania jiwe kama pima tano chini, nami nimeshashuka mara mbili nikamkosa. Mara ya tatu nikahema haraka haraka, nikijaza pumzi nyingi nidumu zaidi. Nilimpata. Nakumbuka napanda naye, naona mwanga wa juu, kisha sikumbuki. Nilizinduka mjomba amenishika kidevu, ananipiga mashavu na kuniita jina la marehemu baba yangu.

Kumbe kuhema vile hakuongezi hewa ya maana. Kunachofanya ni kufukuza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo humwambia mtu kwamba pumzi imekwisha. Unajiona mzima huku oksijeni inaisha. Unapopanda na mgandamizo kupungua, kiasi kilichobaki hakitoshi ubongo, unazimika karibu na uso wa maji, mahali ambapo umeshajiona umefika. Kwa hiyo pumua kawaida, pumzika juu muda mrefu kuliko uliokaa chini, na usizame peke yako. Mmoja chini, mmoja juu anatazama. Si wote wawili chini mkishindana.

Mkanda wa risasi, yaani wa vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kushuka, uwe mwepesi kiasi kwamba hata ukitoa pumzi ukiwa juu, unaelea, na kifungo kifunguke kwa mkono mmoja.

Limebaki boya. Kizimkazi boti za watalii hukimbilia pomboo, na nahodha anatazama mapezi ya pomboo, si kichwa chako. Mjomba hutumia dumu la njano la mafuta ya kupikia, lita 5, lenye kamba ya pima saba. Nilimuuliza alilinunua wapi. Aliliokota ufukweni.