Tabora ilipata wapi bendi zote zile?
Kaka, umeuliza mji wa bara hivi ulipataje Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Jibu langu ni reli. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, baadaye ikachepuka kwenda Mwanza. Stesheni ikawa njia panda: Wanyamwezi, Waha, Wamanyema, watu wa pwani. Rumba ya Kongo nayo ilivuka ziwa hadi Kigoma. Mwanamuziki Shem Karenga alipiga na bendi ya Lake Tanganyika Jazz kule Kigoma kabla ya kuja Tabora Jazz. Babu yangu, fundi cherehani mtaa wa Ng'ambo, Tabora, Nyanyembe wakipigwa redioni mguu uliacha pedali ukagonga sakafu. Suruali za watu zilichelewa sana!